Mkono Uliotulizwa

Mlangoni kwake pamebandikwa karatasi ya manjano iliyoandikwa kwa kalamu nene: TUNATULIZA VIDEO. Siku za mwanzo watu hawakuelewa. Mzee mmoja alipanda ngazi akihema, akasoma karatasi mara ya pili kwa sauti, kisha akauliza kama hapo wanapokea na wakwe, maana wa kwake hajatulia tangu ahamie kwao. Habari hiyo ilishuka ngazi kabla ya mzee mwenyewe, na tangu siku hiyo mtaa mzima humwita Tuliza. Jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho na kinywani mwa mama yake.

Kazi yenyewe si ya ajabu ukielezwa. Siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha, na wengi wao wana furaha kuliko utulivu. Mtu anapiga video huku anacheza, huku anakimbia, huku ameshika sahani ya chakula kwa mkono wa pili. Baadaye akiitazama anaona dunia inarukaruka, bwana harusi hana kichwa, na mtoto aliyepokea cheti amegeuka ukungu. Hapo ndipo anapopanda ngazi kwa Tuliza akiwa na simu mkononi na aibu kidogo usoni, na jambo la kwanza analosema ni kwamba si yeye aliyepiga.

Kinachochekesha ni kwamba chumba chenyewe hakijui kutulia. Nyuma ya ukuta wa kushoto kuna mashine ya kusaga nafaka, na ikiwashwa skrini ya kompyuta inatetemeka, na kikombe cha chai kinatembea chenyewe mpaka ukingoni mwa meza. Chini yake kuna saluni ya mume wake, kinyozi mwenye mkono mtulivu na mdomo usiotulia kabisa. Wateja wake wanasema ukikaa kwenye kiti chake unatoka umenyolewa vizuri na unajua mambo ya nyumba za watu.

Na Tuliza mwenyewe anatetemeka. Mikono yake imekuwa hivyo tangu utotoni, kama ya bibi yake mzaa baba. Akimimina chai, kisahani kinapata zaidi ya kikombe. Zamani, kabla ya kompyuta, alijitia kimbelembele akapiga video ya harusi ya binamu yake. Ndugu walipoketi kuiangalia, bibi harusi alionekana kama mtu aliyeshika waya wa umeme. Ukumbi mzima wa ndugu ulicheka mpaka ukalia. Bibi harusi hakucheka, na kwa muda mrefu walikuwa wakisalimiana shingo upande.

Mwingine angekata tamaa. Tuliza alikuwa mtu wa kuuliza tangu ajue kusema, na bibi yake alikuwa akimwambia, "Wewe utauliza mpaka ukuta ujibu." Akakaa na ile kanda ya aibu akajiuliza: hivi kutikisika ni kitu gani hasa? Kiko wapi kwenye picha? Kama kinaonekana, mbona kisiondolewe? Alihangaika na programu mbalimbali, akaharibu video nyingi kuliko alizotengeneza, mpaka siku moja bibi harusi akasimama wima kwenye skrini, shela imetulia, bwana harusi ana kichwa. Aliipeleka kwa binamu yake bila kusema neno. Walipatana hapohapo.

Alichokigundua ni hiki. Video ni picha nyingi zilizopanga foleni. Programu inachagua vitu visivyohama, tuseme kona ya dirisha, msumari ukutani au bango la duka, inavibandika vialama vya kijani na kuvifuata kutoka picha moja hadi nyingine. Msumari ukionekana umeruka juu, programu inajua misumari hairuki, aliyeruka ni mwenye simu. Basi inaishusha picha kiasi kilekile. Kazi ya Tuliza ni kuiambia programu iamini nini. Ikiamini kitu kinachohama, inageuza mambo chini juu: anayetembea atasimama, na nyumba ndiyo itakayotembea. Na kwa kuwa picha inasukumwa huku na huku, pembeni panabaki weusi unaochezacheza. Ili uondoke, picha inakuzwa kidogo na kingo zake zinakatwa. Watu hawajali kingo.

Programu ikimaliza, inachora mstari unaopanda na kushuka, na huo ndio mtikisiko wote uliotolewa. Mafundi wenzake wanaufuta bila kuutupia jicho. Tuliza anauangalia kwanza, tena kwa raha, kwa sababu aliyepiga video haonekani ndani ya video ila pale. Ameshajifunza kuusoma. Vilima vidogovidogo vya karibu ni mtu anayecheka. Vilima virefu vya taratibu ni pumzi ya mtu mnene. Mstari ukiyumba upande mmoja kila baada ya hatua, aliyepiga anachechemea. Mteja akirudi kuchukua kazi yake, Tuliza humuuliza, "Aliyepiga alikuwa na mafua, siyo?" Mama mmoja alishtuka sana kwa swali hilo, akashuka ngazi upesi na kumuuliza kinyozi kama mke wake anapiga ramli.

"Hapigi," kinyozi akamjibu, wembe mkononi. "Ni umbea tu, ila wa kompyuta."

Siku aliyokuja fundi wa makochi, hakupiga hodi. Tuliza aliinua macho akamkuta mwanamke mrefu amesimama mlangoni, aproni ya turubai kiunoni, chembe za sponji kwenye nywele, vidole vigumu vya mtu anayevuta ngozi na kugonga misumari kutwa. Aligonga sakafu kwa kisigino, kisha akanyoosha simu yake mbele. Alikuwa ameshaandika: "Mimi sisikii. Niandikie, au ongea taratibu nikuangalie mdomo."

Tuliza aliburuta kiti cha pili karibu. Kabla ya kuketi, yule fundi alikibonyeza kwa kidole gumba, akakunja uso kwa jinsi kilivyochoka, ndipo akaketi. Waliongea hivyo, mmoja akiandika, mwingine akisema polepole kama anayemfundisha kasuku, mpaka fundi akamwandikia: "Usivute maneno hivyo, mdomo unakuwa kama wa samaki. Sema kawaida." Tuliza akacheka, akaona haya, akasema kawaida.

Shida yake ilikuwa video fupi sana. Mama yake alikuwa akiumwa nyumbani, mbali, na yeye yuko huku kazini. Mama mdogo, dada yake mama, ndiye aliyekuwa akimuuguza. Siku moja mama aliomba arekodiwe ili amwambie binti yake jambo. Mama mdogo akapiga kwa mkono mmoja huku kwa mkono wa pili amemshikilia mgonjwa mgongoni asianguke, tena akilia. Video ikafika imevurugika, huoni kitu. Chini yake mama mdogo aliandika: Anakusalimia tu, anaendelea vizuri, usijali. Fundi akajibu kwamba haoni vizuri, warekodi tena. Hawakurekodi tena. Mama alifariki kabla.

"Mama alikuwa anasikia," aliandika. "Lakini mimi na yeye tulikuwa na ishara zetu, tulizitunga wenyewe nikiwa mdogo. Mama mdogo hazijui. Hakuna anayezijua sasa ila mimi. Nataka kuona mkono wa mama unasema nini. Nataka kujua kama aliniita."

Tuliza alisoma, akasoma tena. "Ishara ya kuita iko vipi?" akauliza. Ni swali ambalo hangeweza kulizuia hata angezibwa mdomo.

Fundi alitikisa kichwa. "Sikwambii. Watu wanaosikia mna tabia ya kunipunguzia mambo. Ukijua, utanionea huruma, utanitengenezea ninachotaka kuona. Wewe nitulizie mkono tu. Nikiuona nitajua."

"Sitaongeza, sitapunguza," Tuliza akasema, na alimaanisha.

Akaifungua video hiyo jioni, saluni ikiwa bado na wateja chini. Chumba, kitanda, blanketi la rangi ya udongo, ukuta mweupe usio na kitu ila msumari pembeni kabisa uliotundikwa sweta. Katikati mama mwembamba ameketi, ameegemezwa. Mkono wake wa kulia unapanda kutoka kwenye blanketi, kiganja kimetazama chini, kisha picha nzima inachafuka: mkono, ukuta, blanketi, vyote vinapaa na kuanguka. Huwezi kujua ni mkono unaohama au ni simu. Tuliza aliirudia mpaka macho yakamuuma.

Mteja alisema anataka kuuona mkono, basi Tuliza aliubandika mkono vialama vya kijani. Ulikuwa ndio kitu pekee chenye kingo kali mle ndani. Ukuta ulikuwa mweupe mtupu na blanketi ni ukungu. Programu ikaufuata vizuri ajabu. Akaikuza picha ili mkono uonekane kwa karibu, weusi wa pembeni ukatoka, na sweta na msumari wake vikatoka pamoja nao. Alipobonyeza kucheza, mkono wa yule mama ulisimama hewani, umetulia, mpaka mishipa yake ikaonekana. Tuliza alijipongeza. Kwa ubora wa kazi, alikuwa hajawahi kufikia hapo.

Kesho yake fundi alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Aliketi, akaitazama mara moja, mikono imeshika magoti. Aliitazama tena. Kisha akafunika uso kwa aproni yake, mabega yakaanza kutikisika, na Tuliza akasimama. Alipoufunua uso alikuwa anatabasamu na machozi yanamtiririka. Akamwonyesha sasa, maana hapakuwa na sababu ya kuficha tena. Aliinua mkono wake, kiganja chini, akauacha umetulia hewani.

"Kaa hapo," aliandika. "Subiri. Ndivyo alivyoniambia. Usije." Vidole vilimpotea kwenye herufi. "Njoo ni mkono huohuo, kiganja hivyohivyo. Lakini unashuka na kupanda, mkono mzima, kutoka kwenye kiwiko. Alikuwa ananiita hivyo kutoka upande wa pili wa uwanja nikiwa mtoto, ndiyo maana ni kubwa. Hapa ametulia. Hakuniita. Mwaka mzima nimekuwa nikijiuliza, nilikaa huku nashona makochi ya watu na mama ananiita?"

Alimkumbatia Tuliza kwa nguvu za mtu wa kazi ngumu. Kisha akakibonyeza tena kile kiti kibovu, akaashiria kwamba siku moja atakuja kukitengeneza, akashuka ngazi. Kupitia dirishani Tuliza alimwona akivuka barabara, kichwa juu, akitembea kama mtu aliyetua gunia.

Siku ile ilipaswa kuishia hapo. Lakini Tuliza ni Tuliza. Alikuwa hajauangalia ule mstari, na alitaka kumjua mama mdogo, yule aliyelia huku akirekodi. Akaufungua, kikombe cha chai mkononi.

Alimwona mara moja. Mstari ulikuwa umechanika ovyo, juu, chini, pembeni, bila mpango, kilio kitupu cha mtu anayejikaza kisiwe kilio. Alimhurumia. Kisha macho yake yakafika katikati ya mstari na yakagoma kwenda mbele. Chini ya ule uovyo palikuwa na kitu kingine. Kinashuka, kinapanda. Kinashuka, kinapanda. Kinapumzika. Kinashuka, kinapanda. Taratibu, sawasawa, kwa mpangilio. Mtu anayelia hatikisiki hivyo. Hata anayecheka hatikisiki hivyo. Kikombe kilianza kumwagikia mapajani naye hakuhisi.

Alijua alichofanya kabla hajajiambia. Alikuwa ameiambia programu iamini mkono. Na mkono ndio kitu pekee kilichokuwa kinahama mle chumbani. Programu ikafanya ilivyoagizwa: kila mkono uliposhuka, ikauinua, ulipopanda, ikaushusha. Ukuta ndio ulioruka, lakini ukuta mweupe ukiruka nani ataona? Na msumari, shahidi pekee, yeye mwenyewe ndiye aliyeukata kwenye ukingo.

Alishuka saluni. Kinyozi alikuwa anafagia nywele. Alimsimulia yote, na kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi mumewe alinyamaza mpaka mwisho.

"Umemtoa mzigo," kinyozi akasema. "Ameondoka hapa anatabasamu, nimemwona mwenyewe, amenipungia mkono. Sasa unataka kumfuata umrudishie? Mke wangu, mama wa watu ameshakufa. Hafufuki kwa msumari."

"Aliniomba nisimtengenezee anachotaka kuona."

"Hukukusudia."

"Jana sikukusudia. Kuanzia sasa hivi nikikaa kimya nitakuwa nimekusudia."

Kinyozi aliegemea fagio. "Na ukienda akakuchukia?"

"Atakuwa amechukia kitu cha kweli," Tuliza akasema, ingawa hakuwa na uhakika hata kidogo. Angependa sana mtu amkataze kwa nguvu zaidi ya hapo. Kinyozi hakumkataza. Alipanda naye ngazi, akagonga ukuta wa kushoto kwa ngumi, akapiga kelele dirishani mpaka msagaji akazima mashine yake, kisha akamwambia mkewe afanye kazi.

Safari hii aliubandika msumari vialama. Ulikuwa mdogo, unatokatoka nje ya picha, na programu iliupoteza mara kwa mara, ikambidi ausogeze kwa mkono, picha moja baada ya nyingine, vidole vyake vikitetemeka juu ya kipanya. Sweta likasimama. Ukuta ukasimama. Kitanda kikasimama. Alipofika kwenye kukuza picha aliacha. Akiikuza, msumari utakatika tena, na hakuna atakayejua nini kilichotulia na nini kilichohama. Akaiacha na weusi wake wote pembeni, ukicheza kama pazia kwenye upepo.

Akabonyeza kucheza. Chumba kilikuwa kimya na thabiti, na ndani yake mama mwembamba aliinua mkono, kiganja chini, akaushusha kutoka kwenye kiwiko, akaupandisha. Akaushusha, akaupandisha. Akapumzika. Akaita tena. Kinyozi, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, alijikohoza, akasema anakwenda kufunga saluni, ambayo alikuwa ameshaifunga.

Karakana ya makochi iko barabara ya nyuma, ndani ya uzio wa mabati. Asubuhi Tuliza alikuta fremu za mbao zimepangwa uani, sponji za njano zimerundikwa mpaka darini, na harufu ya gundi inayokereketa koo. Fundi alikuwa amepiga goti mbele ya kochi kubwa, midomo imebana vimisumari, anavuta kitambaa kwa mkono mmoja na kugonga kwa mwingine. Alipomwona, uso ulimchangamka. Akatema vimisumari kiganjani, akaonyesha kwa kidole akiuliza, kiti?

Tuliza alitikisa kichwa. Aliiweka kompyuta juu ya kochi ambalo halijamaliziwa, akasimama mahali ambapo mdomo wake unaonekana. "Nilikosea," akasema, kawaida, bila kuvuta maneno. "Niliufunga mkono. Nilitakiwa nifunge ukuta. Mkono haukuwa umetulia, mimi ndiye niliyeutuliza. Hii ndiyo yenyewe. Unaweza usiiangalie."

Fundi alimwangalia mdomo muda mrefu hata baada ya maneno kwisha. Tabasamu lilitoka polepole. Kisha akanyoosha kidole akabonyeza mwenyewe.

Hakulia. Tuliza angeona afadhali angelia. Aliitazama mpaka mwisho, akaichukua nyundo yake, akarudi kwenye kochi, akagonga misumari mfululizo kwa nguvu isiyohitajika, mmoja ukapinda, akaung'oa kwa koleo, akagonga mwingine. Tuliza alibaki amesimama, akitamani sakafu ipasuke. Hatimaye nyundo ilinyamaza. Fundi alichukua simu, akaandika, akamrushia macho makali pamoja na ile simu.

"Kwa nini umeniletea? Jana nimelala usingizi."

"Najua," Tuliza akasema. "Ulinikataza nisikupunguzie."

Fundi aliketi sakafuni, mgongo kwenye kochi. Aliivuta kompyuta mapajani, akaicheza tena. Na tena. Mara ya nne au ya tano, mkono wake wa kulia ulianza kufuata, labda bila yeye kujua. Ulishuka kutoka kwenye kiwiko, ukapanda, pamoja na ule wa kwenye skrini. Kitu kilibadilika usoni mwake, na Tuliza, ambaye alikuwa amezoea kusoma watu kwenye mistari, hakujua kukisoma.

Aliandika kwa muda mrefu. Alifuta, akaandika tena. Kisha akampa.

"Nilipokuwa mtoto nyumbani walikuwa wanacheka, nauliza nini, wanasema subiri tutakwambia. Mgeni akija, subiri. Baba alipofariki, watu wameshajaa uani, mimi nauliza kuna nini, wananiambia kaa hapo, subiri. Maisha yangu yote watu ni kaa hapo. Mama peke yake ndiye aliyekuwa ananiita. Jana nilifurahi. Lakini kabla sijalala nilijiuliza kitu kimoja tu. Hata mama?"

Tuliza alisoma mpaka mstari wa mwisho. Alipoinua macho, fundi sasa alikuwa analia waziwazi, kwa sauti nzito isiyojali nani anasikia, na aligusa kifua chake kwa kidole, kisha akaelekeza kwenye skrini. Hakuhitaji kuandika. Aliniita mimi. Baadaye akaandika neno moja tu, "Sikwenda," na hilo nalo likakaa pale kati yao, halikuondoka, wala Tuliza hakujaribu kuliondoa.

Walikaa sakafuni bega kwa bega. Fundi alipojifuta uso alionyesha ule weusi unaocheza pembeni mwa picha, akainua nyusi.

"Huo ni mkono wa mama yako mdogo," Tuliza akamwambia. "Kila unapouona unaruka, ujue hapo alikuwa analia. Naweza kuuondoa, lakini kingo zitakatwa na msumari utatoka nazo."

Fundi alitikisa kichwa upesi. Akaandika: "Uache. Nitampelekea na yeye aone. Anafikiri alisalimia tu."

Tuliza alifunga kompyuta, akaiweka kwapani, akampigapiga begani kumuaga. Aliruka sponji, akapita kati ya fremu, akiwaza atamwambiaje kinyozi na kama ataweza kumwambia bila kulia mbele ya wateja. Alipofika kwenye geti la mabati aligeuka, kwa udadisi wake tu, aone yule fundi anafanya nini.

Fundi alikuwa amesimama katikati ya karakana. Alikuwa amesogeza kochi jipya, lile zuri lililokamilika, na juu ya stuli kulikuwa na chupa ya chai na vikombe viwili. Aliinua mkono wake wa kulia, kiganja chini, akaushusha kutoka kwenye kiwiko, akaupandisha, mkubwa kabisa, kama wa kumwita mtoto aliye upande wa pili wa uwanja.

Tuliza akarudi.